Siti Tuliyemsoma na Siti Tusiyemsikia

Utangulizi

Nianze kwa kukiri kosa. Nilipokuwa mwaka wa pili tuliulizwa katika mtihani swali juu ya usawiri wa mwanamke katika maandishi ya Shaaban Robert. Nikachagua Wasifu wa Siti binti Saad. Nilijaza kurasa nne nzima: Siti mwanamke shujaa, Siti mkombozi, Siti aliyetoka chini kabisa akafika juu kabisa. Alama nilizopata zilikuwa nzuri, tena nzuri sana. Lakini ukweli ni kwamba mpaka siku ile ya mtihani sikuwahi kusikia sauti ya Siti binti Saad hata kwa dakika moja. Nilimsifu mwimbaji kama mtu anayesifia pilau kwa kusoma jina lake ukutani mwa mgahawa.

Sauti yenyewe nilikuja kuisikia baadaye, bwenini, usiku, kwenye simu ya mwenzetu mmoja kutoka Unguja. Kwanza ulitangulia mkwaruzo, kama samaki wanaoingia kwenye mafuta ya moto. Halafu ala. Halafu sauti yenyewe: kali, ya juu, inayopita kidogo puani, isiyo na haraka hata chembe. Maneno nilishika nusu tu. Nikaomba turudie. Tukarudia. Mara ya tatu nikaanza kuona haya, maana mwanamke niliyekuwa namsikiliza hakufanana na yule niliyemwandikia kurasa nne.

Makala haya yametokana na haya hiyo. Dai langu ni hili: sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, na walimu wetu pia, tumempokea Siti binti Saad kupitia kitabu tukaziacha santuri, na kwa kufanya hivyo tumepata mfano wa tabia njema na kumpoteza msanii. Najua wapo watakaosema kwamba santuri ni kazi ya watu wa muziki, sisi wa fasihi inatuhusu nini. Naomba wavumilie kidogo, nitawajibu.

Maisha kwa ufupi

Habari za maisha yake zinajulikana, kwa hiyo sitakaa hapo sana. Alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, yapata 1880, akapewa jina Mtumwa. Wazazi wake walikuwa na asili ya bara, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, watu wa kazi na wa hali ya chini. Alijifunza ufinyanzi kwa mama yake, akawa anatembeza vyungu kuviuza, na inasimuliwa kwamba sauti yake ilitangulia kusikika kabla vyungu havijaonekana. Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko akakutana na wapigaji wa taarab, akafundishwa, akapata kundi lake na akalipata jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwezi Machi 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay, India, wakaingiza nyimbo zao kwenye santuri za kampuni ya HMV. Anatajwa kuwa ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Zikafuata rekodi nyingine katika miaka michache iliyofuata. Alifariki tarehe 8 Julai 1950.

Hebu tuyatazame majina mawili haya, Mtumwa na Siti. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, wakati yeye ameshakuwa msichana. Kutoka Mtumwa hadi Siti ni safari ambayo mtunzi wa riwaya angeogopa kuibuni, asije akaambiwa anatia chumvi. Si ajabu basi kwamba ilimvutia Shaaban Robert, mtu ambaye katika kazi zake za kubuni aliwapa wahusika majina yanayobeba tabia zao, akina Adili na Utubora. Hapa maisha yenyewe yalikuwa yameshamfanyia kazi hiyo.

Shaaban Robert na mwanamke mwema

Tusimwonee Shaaban Robert. Alionana na Siti mwenyewe kabla hajafa, akamsikiliza, akaandika. Kama si yeye, mengi tusingeyajua. Na wakati ule, kuandika wasifu mzima wa mwanamke mwimbaji, asiye na nasaba wala elimu ya shule, lilikuwa jambo la kishujaa. Wangapi wengine walifanya hivyo? Mwanamke wa kuimba mbele ya wanaume alikuwa akinyooshewa kidole. Siti alisemwa sura, alisemwa asili, akakumbushwa kwamba alitoka shamba na kaniki mbili tu. Na jibu lake linajulikana: aliwaambia wasemaji wake kwa beti kwamba sura si hoja, nasaba si hoja, hoja ni akili.

Tatizo ni kwamba Shaaban Robert anamtetea kama wakili. Wakili humtetea mteja wake mahali aliposhambuliwa, na Siti alishambuliwa tabia. Basi kitabu kikawa kitabu cha tabia: subira yake, unyenyekevu wake, ukarimu wake, namna alivyojibu matusi kwa upole. Hata safari ya Bombay, kwa usomaji wangu, inaingia kama heshima iliyomfikia mtu mwema. Haiingii kama kazi ya sanaa iliyofanywa na watu walioketi mbele ya chombo wakiwa na ala na wimbo wa kuanza na wa kumaliza. Tunajua kwamba aliimba vizuri kwa sababu tunaambiwa. Lakini aliimbaje? Alivuta neno gani, alikata pumzi wapi, alipopita kwenye tusi aliongeza sauti au aliishusha? Hayo kitabu hakiwezi kutuambia, na hatumlaumu mwandishi kwa hilo. Wa kulaumiwa ni sisi tuliokisoma kitabu tukadhani tumemaliza.

Na baada ya Shaaban Robert lilikuja wimbi la pili. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa 1987, kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Ni jina zuri na la haki kabisa. Lakini angalieni lilivyotufikia sisi darasani: Siti akawa alama. Zamani alikuwa alama ya subira, sasa akawa alama ya ukombozi. Alama hubandikwa ukutani, haisikilizwi. Nami katika zile kurasa zangu nne nilizichanganya zote mbili, subira na ukombozi, bila kuona kwamba zinagombana.

Santuri kama matini

Sasa twende Bombay. Santuri ya siku zile ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa ile ya kawaida ulichukua kiasi cha dakika tatu, zikizidi hazizidi sana. Taarab ya nyumbani ilikuwa shughuli ya usiku. Wimbo mmoja ungeweza kurudiwa, kunogeshwa, kusubirishwa mpaka mtu atuzwe. Mwimbaji anamtazama aliyekaa mbele yake, anajua neno gani limemchoma nani. Bombay hapakuwa na wa kuchomwa. Palikuwa na mafundi wasiojua Kiswahili na saa inayokwenda. Kilichozoea kunyooshwa usiku kucha kikabidi kiingie katika dakika tatu.

Hapa ndipo pananipa shida mimi kama mwanafunzi wa nadharia. Mulokozi, katika makala yake ya 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi, alitufundisha kwamba fasihi simulizi ni tukio: kuna fanani, kuna hadhira, kuna mahali na wakati wao. Sawa. Je, santuri ni tukio? Fanani yuko Bombay mwezi Machi, hadhira iko Unguja miezi kadhaa baadaye imezunguka gramafoni ya mtu mwenye uwezo, na wote wawili hawaonani. Basi tuiite fasihi andishi? Haikuandikwa. Inasikika, lakini haibadiliki. Imetiwa muhuri kama kitabu, lakini asiyejua kusoma anaielewa kuliko profesa. Santuri ya Siti haikai katika sanduku lolote kati ya yale mawili tuliyopewa mwaka wa kwanza, na nadhani ndiyo maana tumeiacha nje ya mlango.

Kuna jambo jingine linalonisumbua kila nikiitazama picha ya nembo ya kampuni ile. Mbwa ameketi mbele ya pembe ya gramafoni, na maneno ya Kiingereza yanayomaanisha Sauti ya Bwana Wake. Chini ya nembo hiyo ndipo ilipowekwa sauti ya mwanamke aliyezaliwa akaitwa Mtumwa. Bila shaka waliounda nembo hawakuwa na habari na Fumba. Lakini mhakiki anayeamini kwamba matini ni pamoja na jalada lake hawezi kupita hapo bila kusimama. Sauti ni ya nani? Ya bwana mwenye mashine na faida, au ya mtumwa aliyeitumia mashine hiyo kufika mahali ambapo miguu yake isingemfikisha? Mimi naona ni zote mbili kwa wakati mmoja, na tukitaka kuchagua moja tutakuwa tunadanganya.

Lugha ya Ng'ambo katika mwaka wa 1928

Taarab aliyoikuta Siti mjini ilikuwa kwa sehemu kubwa sanaa ya Kiarabu. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka mtu Misri kujifunza muziki ili apigiwe barazani. Kundi la Ikhwani Safaa lililoanzishwa 1905 nalo liliimba Kiarabu. Siti pia alikijua Kiarabu cha kuimbia, na aliimba mbele ya wakubwa, hata kwa Sultani. Lakini nguvu yake aliiweka kwenye Kiswahili, tena Kiswahili cha Ng'ambo, upande wa pili wa mji walikokaa wachukuzi, wavuvi, watumishi na wajukuu wa watumwa.

Na hapa kuna sadfa ya tarehe ambayo sijapata kuiona ikitajwa darasani. Machi 1928 Siti anaimba Bombay. Juni mwaka huohuo unafanyika mkutano wa Mombasa, ambako wawakilishi wa makoloni waliamua kwamba lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi: kusahihisha vitabu, kupanga tahajia, kutoa ithibati. Kwa maneno mengine, katika mwaka mmoja Kiunguja kilitoka nje ya Unguja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa karatasi, ikashikwa na maafisa wa elimu na wamisionari. Njia ya pili ilikuwa santuri, ikashikwa na mwanamke asiyesoma shule. Wakati ule redio ya Kiswahili haikuwapo. Ile ya Dar es Salaam ilianza 1951, Siti ameshazikwa. Kwa hiyo kijana wa bandarini, wa Unguja au wa mwambao, ambaye hakupata kukiona kitabu cha Kamati, angeweza kusikia Kiunguja kikiimbwa kutoka kwenye pembe ya gramafoni.

Wenzangu, sisi ni wajukuu wa njia ya kwanza. Taasisi zetu za Kiswahili zimetokana na Kamati ile. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa mjumbe wake. Urithi huo ni mkubwa na siudharau. Lakini ulituachia tabia moja: kisichokuwa kwenye karatasi hatukioni. Wimbo ukichapwa kama shairi, tunahesabu mizani. Ukibaki kwenye santuri, tunasema ni muziki.

Kesi ya Kijiti

Niutumie wimbo mmoja kama mfano, ule unaojulikana kwa jina la Kijiti. Sitaunukuu, wengi wetu tunaujua au tunaweza kuupata. Unahusu kisa cha Unguja ya Waingereza. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam anakuja kutembea. Kijiti anamchukua kwenda kustarehe huko vichakani, na anayerudishwa ni maiti. Kesi inafika kortini. Muuaji hapatikani. Na wanaokwenda jela ni nani? Ni mashahidi.

Tukiuchukua kama matini ya karatasi, kuna mengi ya kusema, na mimi sipingi uhakiki wa fani na maudhui hata kidogo. Beti ni za mishororo mitatu, desturi ya nyimbo za taarab. Mizani yake ya msingi ni kumi na sita, nane kwa nane, na ubeti wa kwanza una vina vya kati na vya mwisho vilivyo thabiti. Mshororo mmoja unataja mchezo wa watoto wa kukimbizana, na mara moja unafuata mshororo wa maiti. Mchezo na mauaji vimewekwa katika ubeti mmoja na kufungwa na kina kimoja. Hiyo ni kinaya ya hali ya juu. Ingekuwa katika riwaya tungeiandikia tasnifu.

Halafu kuna jaji. Mtunzi anamkalisha kitini, anamkasirisha, na anamtia mdomoni tusi la Kiingereza katikati ya mshororo wa Kiswahili. Jaji hajachorwa sura wala mavazi. Amechorwa kwa lugha yake tu. Maneno mawili ya kigeni na tayari tunaujua utawala mzima: mtu mwenye madaraka ya kufunga, anayewatukana waliokuja kusema kweli, katika lugha ambayo haina haja ya kueleweka. Kina Robert na Kezilahabi walitumia kurasa nyingi kuionyesha serikali isiyosikia. Huyu ametumia mshororo mmoja.

Lakini wimbo hauishii kortini. Unageuka na kumsemesha Kijiti mwenyewe, akionywa asikanyage Dar es Salaam, maana huko watu wanamwapiza. Hapa ndipo kiini kilipo kwa maoni yangu. Korti ya Mwingereza imeshindwa kumpata mkosaji ikawaadhibu mashahidi. Wimbo unafungua korti ya pili. Majina yanatajwa, kisa kinasomwa, hukumu inatolewa, na adhabu ni jina lako kuimbwa mpaka utakapokufa na baada ya hapo. Miaka mingi baadaye Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alikuwa bado anaisoma hukumu hiyo jukwaani. Kijiti amehukumiwa kwa zaidi ya miaka themanini, na hakuna rufaa.

Je, wimbo huu ni wa ukombozi wa mwanamke? Katika mtihani ningejibu ndiyo, nikaendelea na swali la pili. Sasa sina haraka hiyo. Wimbo unamlaani mwanamume muuaji, ni kweli. Lakini pia unatoa tahadhari ambayo bibi yeyote angeitoa: mgeni asiandamane ovyo na asiowajua. Masikio ya mwaka ule yangeweza kusikia ndani yake "tazameni alichofanya mwanamume huyu", na yangeweza kusikia vilevile "tazameni yanayowapata wanawake wa kutembeatembea". Ipi inashinda? Kwenye karatasi zinalingana. Anayeamua ni mwimbaji: neno analolikazia, mahali anapoiacha fidla ijibu, kama jina la Kijiti analitema au analivuta. Anayetaka kujua dhamira ya wimbo huu ni lazima ausikilize ukiimbwa. Kwa hiyo wale wanaosema sauti ni mambo ya muziki tu, jibu langu ndilo hili. Hapa sauti ni dhamira.

Nani mtunzi?

Jambo la mwisho linahusu uandishi, na najua litawaudhi baadhi ya wasomaji wa pande zote mbili.

Katika madaftari yetu tunaandika "Mtunzi: Siti binti Saad" kama tunavyoandika "Mtunzi: Euphrase Kezilahabi". Lakini Siti hakuwa peke yake. Alikuwa na Subeit bin Ambar kwenye udi, Mbaruk Effandi Talsam kwenye fidla, Maalim Shaaban, Buda na wengine. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 juu ya burudani na siasa za Unguja, ameeleza kutokana na wazee aliowahoji kwamba nyimbo nyingi zilizaliwa katika vikao vya jioni nyumbani kwa Siti. Watu walileta habari za mjini: nani kafungwa, nani kaonewa, nani kajidai. Huyu akatoa mshororo, yule akarekebisha kina, mwingine akaleta lahani. Mwaka huohuo wa 1928 watu wa Ng'ambo walikuwa katika mgomo wa kukataa kulipa kodi ya ardhi. Baraza la namna hiyo halikukosa la kusema.

Mwenzangu mmoja katika semina alinishambulia hapo. "Basi unataka kumnyang'anya mwanamke kazi yake uwape wanaume?" Swali hilo ni la haki na lilininyima usingizi. Ni kweli kwamba mara nyingi kazi ya mwanamke ikiwa nzuri hutafutwa mwanamume aliyeifanya. Lakini nikafikiri zaidi. Swali lenyewe limesimama juu ya dhana ya karatasi: kwamba mwenye kazi ni yule aliyepanga maneno, na anayeyatoa kwa sauti ni tarishi tu. Tukishikilia dhana hiyo, hatuna la kumwachia Siti isipokuwa yale maneno ambayo tunaweza kuthibitisha kuwa aliyapanga peke yake. Tukiiacha, mambo yanabadilika. Nyumba ilikuwa yake. Jina lililowavuta watu lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kulikataa neno lisikae mdomoni mwake, na ndiye aliyesimama nalo mbele ya watu, tusi likirudi linarudi kwake. Kaniki mbili hakuimbiwa mpiga udi.

Kwa hiyo nasema Siti ni mtunzi, ila si kwa maana ya mtu na kalamu. Ni mtunzi kwa maana ya zamani ya kutunga: kupitisha uzi katika shanga. Shanga zilitoka kwa wengi. Uzi ulikuwa sauti. Uhakiki usiokuwa na masikio unaziona shanga tu, halafu unashangaa zimeshikanaje.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba Siti wa kitabuni ni nusu ya Siti. Shaaban Robert alimwokoa na masimango akatuachia mwanamke mwema. Vuguvugu la wanawake lilimfufua likatuachia alama. Sisi tukamalizia kwa kumfanya swali la mtihani. Santuri zake zinatuonyesha kitu kigumu zaidi na, kwangu mimi, kizuri zaidi: fundi aliyefanya kazi na mafundi wenzake, aliyeingiza mji mzima ndani ya dakika tatu, na aliyekuwa mkali pale tulipofundishwa kwamba alikuwa mpole.

Mapendekezo yangu si makubwa. Siku Wasifu utakapofundishwa tena, darasa lianze kwa kusikiliza. Baadhi ya nyimbo zake zimetolewa upya na zinapatikana hata kwenye simu zetu, kwa hiyo kisingizio cha vifaa hakipo. Tukishindwa kushika maneno, na tutashindwa, tuwaite wazee wa Unguja waliokulia katika nyimbo hizi watusaidie, kabla hawajaondoka nao. Halafu ndipo tufungue kitabu. Na wanaopanga mitihani, naomba msituulize tena tumsifu Siti. Mtupe upande mmoja wa santuri, mtuulize tumesikia nini.

Ninajua kwamba swali la namna hiyo ningelifeli mwaka ule. Pengine hata sasa nisingepata zaidi ya nusu ya alama, maana kuna mishororo ambayo nimeirudia mara kumi na bado inanipita. Lakini ningekuwa nimefeli mbele ya Siti mwenyewe. Zile alama nzuri nilizopata, nilizipata yeye akiwa hayupo chumbani.